Dar mpaka Moro kwa baiskeli kuchangia jamii: jiandae hivi kama ndo mara yako ya kwanza

Mtu akisikia unataka kwenda Moro kwa baiskeli swali lake la kwanza ni miguu, eti utaweza kweli wewe na hicho kitambi? Miguu sio ishu kihivyo. Mtu mwenye afya ya kawaida akijipa miezi mitatu ya kupiga tizi miguu inakaa sawa yenyewe. Kinachomshusha mtu kwenye baiskeli na kumpandisha kwenye Canter la msaada ni makalio, tumbo na haraka za asubuhi, halafu kinachoharibu safari nzima hata kama wote mmefika wazima ni hela za watu. Ndo maana hapa naanza na hela, na kwenye kula nitaongea sana kuliko kwenye gia. Nimechukua njia ya Dar–Morogoro kwa sababu wengi wa mjini wanaanzia hapo, ila kama unatoka Mwanza kwenda Shinyanga au Arusha kwenda Moshi mambo ni yaleyale, badilisha majina ya vituo tu.

Hatua ya 1: malizaneni na hela kwanza

Kabla hujagusa pedeli nendeni pale mnapotaka kupeleka msaada mkaulize wanahitaji nini. Kama ni shule onana na mwalimu mkuu, kama ni zahanati onana na mganga mfawidhi, na msiende na jibu mfukoni. Mnaweza kuwa mmeshapanga kupeleka madaftari kumbe wao shida yao ni tanki la maji, au mmepanga mashuka kumbe mashuka yamejaa stoo wanataka kiti cha magurudumu. Wakishasema, chukua bei halisi kwa fundi au dukani, ndo mtangaze. "Tunachangia elimu" hakuna anayetoa hela hapo, lakini ukisema tunataka madawati 40, dawati moja ni shilingi kadhaa, mtu anajua hela yake imenunua nini na yule mwenye uwezo anasema basi mimi niandikieni matatu.

Angalia waliodumu kwenye haya mambo. Ile Kili Challenge ya mgodi wa Geita ipo toka 2002, watu wanapanda Kilimanjaro na wengine wanauzunguka mlima kwa baiskeli, na miaka yote hiyo hela ni ya mapambano ya VVU na UKIMWI, hawajahama hama. Wale wa Twende Butiama wanaotoka Dar mpaka kwa Mwalimu kule Mara, zaidi ya kilomita 1,000, nao wanajulikana kwa vitu vinavyoonekana kama miti na madawati. Lengo moja, linaelezeka kwa sentensi moja. Nyie wa mara ya kwanza msijifanye mnasaidia yatima, wajane, mazingira na michezo kwa mpigo.

Njia nzuri ya kuomba ni kwa kilomita. Mtu akikuahidi shilingi 500 kwa kila kilomita, kwa kilomita 190 ni 95,000, na ukimwambia 500 anaona kidogo anakubali haraka. Ila kusanya kabla ya safari. Nasema tena, KABLA. Mkishafika Moro na picha zimeshapostiwa watu wanakuwa wameshafurahi, ahadi zinabaki kwenye grupu la WhatsApp mpaka mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wa kumi na mbili kila mtu ana sababu.

Hela isiingie kwenye namba ya mtu binafsi hata kama ni mtu wa ibada kiasi gani. Chukueni lipa namba au akaunti kwa jina la kikundi, kutoa hela iwe mpaka watu wawili wakubaliane, na kila jumapili mtu mmoja aposti jumla iliyoingia na makato. Na gharama za safari yenu, yani mafuta ya gari, gesti, jezi, msosi, zitoke mifukoni mwenu au kwa mdhamini aliyesema wazi kwamba natoa kwa ajili ya jezi. Mchangiaji akija kugundua elfu kumi yake imenunua jezi yenye jina lako mgongoni, mwakani hakupi hata salamu.

Hatua ya 2: ijue barabara

Kutoka katikati ya mji mpaka Morogoro ni karibu kilomita 190. Unapita Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibaha, Mlandizi, unavuka mto Ruvu, Vigwaza kwenye mizani, halafu Chalinze ambayo ipo kilomita 100 na kidogo. Baada ya Chalinze ambapo wa Tanga na Arusha wanakata kulia, nyie mnanyoosha Mdaula, Ubena, Mikese, Kingolwira, mnaingia mji kasoro bahari.

Piga hesabu ya ukweli. Mtu wa mara ya kwanza kwa umbali mrefu anatembea kilomita 17 au 18 kwa saa, usimsikilize anayekwambia 30 maana huyo ana miaka kwenye hii kazi. 190 gawa kwa 18 ni zaidi ya saa kumi za kukanyaga tu, weka kusimama kula, pancha, kuchimba dawa, mtu mmoja kubanwa na misuli, inaenda saa kumi na tatu. Mkitoka saa 11 alfajiri mnafika giza linaingia, na barabara ile usiku na malori yale hapana. Kwahiyo ushauri wangu kwa kikundi cha wageni ni siku mbili, mlale Chalinze. Siku ya kwanza kama 105, ya pili 80 na kitu. Kuna wajuaji watasema hiyo sio safari ya kiume, waacheni watangulie.

Chalinze ni mji wa njiapanda, gesti zipo, ila kama mko watu ishirini wekeni oda mapema na muulize kama baiskeli zinaingia ndani. Zisilale nje.

Kitu kingine watu hawakijui mpaka kiwakute, njia hii sio tambarare. Kwenye gari huoni kitu, kwenye baiskeli kuanzia Kimara unaanza kuona panda shuka panda shuka, na baada ya Chalinze vinakuja vimlima virefu vya polepole ambavyo havionekani kama mlima ila spidi inashuka tu unabaki unajiuliza kama breki imeshika. Morogoro ipo juu karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari na wewe umeanzia baharini. Sehemu ya pili ndo ngumu, sio ya kwanza, na hilo liweke kichwani toka siku unaanza mazoezi.

Miezi: Juni mpaka Septemba ndo wakati mzuri, kuna ubaridi kidogo na mvua hakuna. Masika ya Machi mpaka Mei achana nayo kabisa, bega la barabara linajaa matope na madereva hawawaoni. Januari na Februari inawezekana lakini jua la saa saba pale Ubena usiniulize.

Hatua ya 3: baiskeli uliyonayo inatosha, ipeleke kwa fundi

Huhitaji baiskeli ya mamilioni. Maunteni ya mtumba inafika Moro vizuri tu, ila toa yale matairi yenye meno makubwa weka matairi laini ya lami, utaona tofauti siku hiyohiyo. Kama ina shokapu mbele na ina kitufe cha kuifunga, ifunge. Resi nayo sawa, ni nyepesi na inakimbia, tatizo lake matairi membamba na rasta zile za kabla ya matuta zinakung'oa meno. Phoenix pia watu wanaenda nayo, ila iwe na gia moja nyepesi na wewe uwe na moyo.

Mwezi mmoja kabla, peleka kwa fundi anayeeleweka na simama pale uangalie. Akague cheni kama imelegea, friwili, beringi za kati na za magurudumu, spoki zote (ashike moja moja, iliyolegea inajulikana), waya za breki na za gia abadilishe kama zina kutu, na mipira ya breki. Usifanye hivi jana yake. Kitu kipya chochote kinahitaji kutembea kilomita mia mbili tatu ndo ujue kama kimekaa.

Halafu kiti. Hapa watu wengi wanaendesha kiti kikiwa chini kwa sababu wanataka miguu iguse ardhi wakisimama. Kaa kwenye kiti mtu akushikilie, weka kisigino kwenye pedeli likiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo, goti linakunjika kidogo, hapo ndo penyewe. Goti likiuma mbele mara nyingi kiti kipo chini sana, likiuma kwa nyuma kipo juu sana. Kiti chenyewe kilale usawa, kikiinama mbele mikono inakufa ganzi kwa sababu uzito wote unaenda kwenye viganja.

Na kiti cha sponji nene kinaonekana kizuri dukani lakini baada ya saa tatu kinakusumbua kuliko kile kigumu, kwa sababu unazama na inabana sehemu isiyotakiwa kubanwa. Hela hiyo nunua bukta ya baiskeli yenye sponji. Ivaliwe bila chupi ndani, ndo ilivyotengenezwa, mshono wa chupi ndo unaokata. Paka vaselini kwenye mapaja ya ndani na pale panapokutana na kiti, paka kwa wingi usione aibu. Dada zangu wanaovaa hijabu, chukua kitambaa chepesi cha pamba kinachobana kichwa kikae chini ya helmeti bila pini, na juu ya taiti unaweza kuvaa sketi fupi ya michezo au jezi ndefu, ila chochote kirefu kinachopepea kisifike kwenye cheni.

Hatua ya 4: wiki kumi na mbili

Mazoezi ni mara tatu kwa wiki, basi. Mbili katikati ya wiki za saa moja moja, na moja ndefu wikiendi. Ile ndefu ndo shule yenyewe.

Wiki ya kwanza na ya pili nenda kilomita 30. Ya tatu 40, ya nne punguza rudi 30 mwili upumzike. Ya tano 50, ya sita 60, ya saba 75, ya nane punguza tena 50. Ya tisa 90, ya kumi fanya jumamosi 80 na jumapili 50 ili ujue maana ya kupanda baiskeli makalio yakiwa bado yanauma, maana ndo kitakachokukuta asubuhi ya Chalinze. Ya kumi na moja 60 taratibu. Wiki ya mwisho mizunguko miwili midogo tu ya kulainisha miguu na unalala mapema. Huhitaji kufika 190 kwenye mazoezi, na ukipotelewa na wiki moja kwa sababu ya malaria au msiba usijaribu kuifidia, endelea ulipo.

Kwa wa Dar, jumapili alfajiri njia ya Mwenge, Tegeta, Bunju mpaka Bagamoyo ni nzuri, karibu kilomita 60 kwenda. Sasa hapo kuna mtego. Miezi ya kusi upepo unatoka kusini mashariki, kwahiyo ukienda Bagamoyo unasukumwa mgongoni unajiona bingwa, unafika umepiga picha kwenye magofu, kurudi upepo wote uko usoni na jua limetoka na nguvu ulishazimaliza. Ukienda kipindi hicho hesabu kwamba kurudi ni kazi mara mbili. Habari njema ni kwamba kusi hiyohiyo siku ya Moro inawapiga ubavuni na kwa nyuma kidogo, inasaidia.

Kwa vilima nenda Pugu upande mpaka Kisarawe. Panda, shuka, panda tena. Kwenye kupanda tumia gia nyepesi mapema kabla hujabanwa, miguu izunguke harakaharaka bila kusukuma kwa nguvu. Anayesukuma gia nzito kwenye kila mlima anaonekana ana nguvu mpaka Mlandizi.

Kama una presha, sukari, pumu au umri umesogea na hujafanya mazoezi muda mrefu, kapime kabla ya wiki ya kwanza, sio wiki ya kumi na moja. Mwenye sukari hasa aongee na daktari wake kuhusu dawa na kula njiani.

Hatua ya 5: kula, hapa ndo penyewe

Mwili una akiba ya wanga ya kukutembeza masaa machache, ikiisha unazima ghafla, sio kuchoka kwa kawaida, unatetemeka, unakasirika bila sababu, unaona kilomita mbili kama mwezini. Na ukishafika hapo hata ukila sasa hivi inachukua muda kurudi. Dawa ni kula kabla njaa haijaja. Anza kula dakika 45 baada ya kuondoka, hata kama umekunywa chai nzito, na endelea kila nusu saa kitu kidogo. Kiasi ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama 25, kwahiyo ndizi mbili kwa saa tayari uko kwenye mstari.

Sio lazima zile pakiti za jeli za kizungu. Ndizi, tende, kashata, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, chapati iliyokunjwa na asali, mkate na jemu, vyote vinafanya kazi na tumbo lako linavijua. Ila jaribu kila kitu kwenye mazoezi. Maharage, mishikaki ya barabarani, maziwa mgando, pilipili, hivyo viache mpaka jioni. Wali nyama wa saa sita mchana na sahani imefurika nao ni adui, utapanda baiskeli usingizi unakuvuta na kilima kiko mbele. Mkisimama mchana kula kidogo, halafu kula tena kidogo mbele.

Maji: nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa kutegemea jua. Kunywa mafunda machache kila dakika kumi na tano, usisubiri kiu. Lakini pia usijijaze maji matupu lita sita saba bila chumvi, hiyo ni hatari ya kweli, chumvi ya damu inashuka mtu anaanza kuchanganyikiwa na kutapika na wenzake wanazidi kumpa maji. Kila baada ya chupa moja au mbili za maji changanya moja yenye chumvi na sukari. Pakiti za ORS duka lolote la dawa zipo na ni bei ndogo, ukikosa tengeneza, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha sio vya kilima, na usizidishe chumvi. Mkikuta madafu kabla hamjaacha pwani, kunyweni. Angalia mkojo wako kila mkisimama, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi uko nyuma kwenye maji.

Na hii diklofenaki na dawa za maumivu za aina hiyo ambazo watu wanameza asubuhi "kinga" kabla ya kuanza, acheni. Jua kali, maji yamepungua mwilini, halafu unaongeza dawa inayozibana figo. Maumivu yakizidi panda gari.

Hatua ya 6: vya kubeba

Kwenye baiskeli yako mwenyewe, sio kwenye gari: mpira wa ndani mmoja mpya wa saizi yako (soma ubavuni mwa tairi), viraka na solusheni, vile vijiti vya plastiki vya kutolea tairi, pampu ndogo, spana za L, chupa mbili za maji, kitambulisho, kadi ya bima, hela taslimu kidogo na namba ya ndugu imeandikwa kwenye karatasi maana simu ina pasiwedi na huenda usiwe na uwezo wa kuifungua.

Kuhusu pancha ya barabara hii, nyingi hazitokani na misumari. Malori yakipasua tairi yanaacha vile vinyaya vyembamba vya chuma kwenye bega la barabara, huvioni, vinaingia kwenye tairi na vinabaki hapo. Ukibadilisha mpira bila kupapasa ndani ya tairi zima kwa kidole (taratibu, vinachoma), dakika tano mbele pancha ileile. Jifunze kubadilisha mpira mwenyewe nyumbani mpaka iwe jambo la kawaida, kwa sababu kikundi cha watu ishirini wakisimama dakika arobaini kwa kila pancha hamtoboi.

Na kama baiskeli yako ina valvu nyembamba, nunua ile adapta ndogo ya shaba. Mafundi pancha wapo vituo vyote lakini mashine zao za upepo ni za valvu ya gari, haziingii kwako, utasimama pale upepo unauona na huwezi kuupata. Wakijaza kwa mashine waambie kidogokidogo, mpira wa baiskeli unapasuka haraka, kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye tairi.

Helmeti, taa nyekundu nyuma iwake hata mchana, kizibao cha kung'aa. Bila helmeti mtu asianze, hata awe ndo mwenyekiti.

Gari la msaada libebe maji mengi, ndizi, huduma ya kwanza, fundi, matairi ya akiba na nafasi ya baiskeli za waliochoka. Dereva awe mtu mvumilivu, kutembea kilomita 18 kwa saa siku mbili sio kila dereva anaweza. Likae nyuma ya wa mwisho na hazadi zimewaka, lisikae mbele kupiga picha.

Hatua ya 7: ruhusa na usalama

Wiki tatu kabla peleka barua kwa RTO, yule mkuu wa trafiki wa mkoa, kwa kila mkoa mnaopita, yani upande wa Dar, Pwani na Morogoro. Elezeni tarehe, idadi, njia, namba ya gari na simu za viongozi. Mara nyingi mkienda kistaarabu wanawapa ushauri mzuri wa saa za kupita na pengine wanawasindikiza sehemu za foleni. Nakala ya barua iliyogongwa muhuri itembee na gari.

Andikeni hospitali zilizo njiani. Kibaha kuna Tumbi, maeneo ya Chalinze kuna Msoga, halafu hospitali ya mkoa Morogoro. Mtu akigongwa au kuanguka kwa ajali ya barabarani hospitali watauliza PF3 kutoka polisi, kwahiyo mmoja akimkimbiza mgonjwa mwingine anaenda kituoni, msiende wote sehemu moja. Namba ya dharura ni 112.

Barabarani mnapanga mstari mmoja, kushoto. Mambo ya kutembea wawili wawili mkipiga stori waachieni Coco Beach. Njia za mwendokasi msiingie hata kama ziko tupu saa kumi na moja alfajiri. Jizoezeni kupaza sauti kupeleka taarifa nyuma, "shimo!", "chupa!", "gari nyuma!", "nasimama!", kila mtu anarudia mpaka wa mwisho asikie. Acha nafasi ya baiskeli moja na zaidi kati yako na wa mbele, mgeni akikaa karibu sana na gurudumu la mwenzie ili akwepe upepo, wa mbele akigusa breki wanalala wanne.

Hatari sio gari la nyuma peke yake kama watu wanavyodhani, kuna na basi linalokuja mbele limeamua kulipita lori na linakuja upande wenu. Kwa dereva yule baiskeli haihesabiki. Ukiliona usibishane nalo, shuka kwenye bega mapema, na kama bega limekatika na kuna ngema, punguza kabisa au simama. Lori refu likikupita upepo wake unakusukuma nje halafu likimaliza unakuvuta ndani, shika usukani imara bila kukakamaa.

Hatua ya 8: siku yenyewe

Chai saa 10 usiku, mnaondoka saa 11 na taa zimewaka, mnakuwa mmetoka Kimara kabla mji haujaamka. Jumamosi ni afadhali kuliko ijumaa.

Sasa mpaka Kibaha kila mtu ana nguvu. Kuna muziki, kuna simu zinarekodi, kuna mtu amevaa jezi mpya anataka kuonekana. Hapo ndo safari inapoharibiwa. Kipimo ni rahisi, mpaka Mlandizi uwe unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, ukishindwa umezidisha. Weka mtu mmoja mzoefu mbele ambaye hakuna ruhusa ya kumpita, na mzoefu mwingine nyuma kabisa. Wa taratibu kuliko wote akae nafasi ya pili au ya tatu mbele, sio mkiani, kikundi kitajirekebisha kwake na mtashangaa mnafika mapema.

Simameni kila kilomita 25 au 30, dakika kumi tu, miguu ikipoa sana inagoma. Saa sita mpaka saa nane mchana jua likiwa kali mkiwa bado njiani tafuteni mti mkae. Mtu akiacha kutoka jasho, ngozi imekuwa ya moto, anaongea vitu havieleweki, huyo sio wa kupewa moyo. Kivulini, mvue helmeti na jezi, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na gari lianze kwenda hospitali.

Chalinze mkifika kula vizuri, wanga mwingi, oga, bukta ifuliwe ikauke au vaa nyingine, paka mafuta, chandarua, lala. Bia moja mtasema haina shida, sawa, ila asubuhi kuna vilima vya Ubena na mimi sitakuwepo.

Siku ya pili dakika ishirini za kwanza zinauma kila mahali halafu inapungua. Endesha taratibu zaidi ya jana. Ukifika Mikese milima ya Uluguru unaiona mkono wa kushoto na kila mtu anataka kukimbia, watulizeni, malori yanaongezeka mjini na watu wamechoka, ajali za kijinga zinatokea kilomita kumi za mwisho. Ingieni Msamvu pamoja, mstari mmoja.

Aliyepanda gari njiani amefanya safari. Asichekwe, na michango yake isirudishwe.

Hatua ya 9: ukifika

Kurudi Dar msipange kwa baiskeli. Canter libebe baiskeli zote, nyie pandeni basi au treni ya SGR, mlale usingizi. Baiskeli zifungwe na maboksi katikati zisisuguane.

Kukabidhi vitu fanyeni ndani ya wiki mbili na wachangiaji wachache wawepo. Watoto au wagonjwa wasipigwe picha bila ruhusa ya wazazi au wao wenyewe, picha ya madawati yamepangwa darasani inatosha. Halafu mposti karatasi moja: kilichoingia, makato, kilichonunuliwa na risiti zake, kilichobaki na kiko wapi. Hata kama kilichobaki ni shilingi 3,400.

Baiskeli isafishwe cheni ipakwe mafuta kabla haijakaa wiki na vumbi la Ubena, na wewe pumzika siku nne tano kabla hujapanda tena, ukipanda nenda mpaka dukani tu.